Muulize Mwalimu wa Historia: Kwa Nini Washington Haikumweza Diem?

Barua ya kwanza

Shikamoo Mwalimu. Shuleni tulifundishwa kuwa Ngo Dinh Diem wa Vietnam Kusini alikuwa kibaraka wa Marekani, na ndivyo tulivyojibu kwenye mtihani. Juzi nimesoma kwamba Wamarekani walimbembeleza miaka nenda miaka rudi abadilishe utawala wake, naye akawa anawatolea nje, hadi wakaishia kuwaachia majenerali wampindue. Mwalimu, kibaraka anapata wapi jeuri ya kumgomea anayemlisha? Na mwenye dola, ndege na bunduki alipungukiwa nini hata asisikilizwe?

*Msomaji, Singida*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hili ni swali ambalo darasani tunaliruka, na mimi mwenyewe nililifikiria miaka mingi baada ya kulifundisha somo hilo. Ni kweli kwamba bila Marekani Diem asingedumu. Alichukua fedha, akachukua silaha, akachukua washauri. Maagizo hakuchukua.

Tuanze na historia kwa ufupi. Julai 1954, baada ya Wafaransa kushindwa Dien Bien Phu, mkutano wa Geneva uliigawa Vietnam kwenye latitudo ya 17. Kaskazini akabaki Ho Chi Minh na wakomunisti wake. Kusini, mfalme Bao Dai alikuwa ameshamteua Diem kuwa waziri mkuu mwezi mmoja kabla. Oktoba 1955 Diem akaitisha kura, wananchi wachague kati yake na mfalme huyo huyo aliyempa kazi. Wamarekani wakamnong'oneza kwamba ushindi wa asilimia 60 au 70 unamtosha na utaaminika. Akatangaza asilimia 98. Katika Saigon, mji mkuu wa Kusini, peke yake, walioandikishwa kupiga kura walikuwa kama 450,000, na kura zilizohesabiwa zikazidi 600,000. Hebu fikiria: ameombwa jambo dogo, la faida yake mwenyewe, lisilomgharimu hata senti, na amekataa. Fedha ziliendelea kuja kama kawaida. Naamini somo alilolipata siku ile hakulisahau hadi anakufa.

Utawala wenyewe ulikuwa wa ndugu. Mdogo wake, Ngo Dinh Nhu, alishika chama cha siri cha Can Lao na mkono wa usalama. Mke wa Nhu ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Ikulu, kwa kuwa Diem hakuoa. Kaka yao Thuc alikuwa askofu mkuu wa Hue. Ndugu mwingine, Can, aliitawala mikoa ya kati bila cheo chochote cha serikali. Nao wote walikuwa Wakatoliki katika nchi ambayo watu wengi wanafuata dini ya Buddha na mila za wazee wao. Kwa hiyo Marekani ilipozungumzia mageuzi, ilikuwa inamwambia Diem awaweke ndugu zake pembeni na awape madaraka watu asiowaamini. Ndicho hicho tu asingeweza kukitoa, maana kwake ndugu ndio walikuwa serikali.

Oktoba 1960 balozi Elbridge Durbrow alikwenda kumwambia uso kwa uso, na miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba Nhu apelekwe nje kuwa balozi. Diem alisikiliza, akanyamaza. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Novemba, askari wa miavuli waliizingira Ikulu. Durbrow akashauri pande mbili zielewane. Diem akajifanya anaelewana, akaahidi mageuzi, akavuta muda hadi vikosi vyake vya mikoani vikafika na kuwasambaratisha waasi. Ahadi zile zilizikwa hapo hapo. Kuanzia siku hiyo hakumwamini tena balozi yule, wala hakuona sababu ya kumwogopa.

Mwaka uliofuata Rais Kennedy alituma ujumbe wa Jenerali Maxwell Taylor. Wakarudi na shauri la nipe nikupe: tutaongeza helikopta, washauri na fedha, nawe uturuhusu kushiriki katika maamuzi na upanue serikali yako. Diem alimjibu balozi mpya, Frederick Nolting, kwamba Vietnam haitaki kuwa nchi lindwa, yaani iliyo chini ya himaya ya mkubwa. Wasomaji wangu wa Zanzibar wanajua uzito wa maneno hayo. Washington ikafanya nini? Ikalegeza kamba. Mwezi Desemba 1961 meli ya Core ikatia nanga Saigon, mbele ya hoteli ya Majestic, sitaha imejaa helikopta zaidi ya thelathini, kila mpita njia anaziona. Yale masharti yaliyotakiwa kutangulia yalikuwa yameshapunguzwa hadi yakawa ahadi laini ya kushauriana.

Sasa nikuonyeshe fedha zenyewe zilivyokuwa zinatembea, kwa sababu watu wengi hudhani ilikuwa ni kumpa mtu sanduku la dola na kumnyang'anya akikosea. Sehemu kubwa ya msaada ilipita katika mpango wa kuagiza bidhaa. Marekani ililipa dola kwa wauzaji wa nje, wa saruji, vitambaa, mashine, mafuta. Mfanyabiashara wa Saigon aliyeagiza mzigo ule alilipa kwa piasta, fedha ya nchi, na piasta hizo zikaingia katika mfuko wa serikali. Humo ndimo ulimotoka mshahara wa askari. Ukisimamisha mpango huo, bidhaa zinaadimika dukani na bei inapanda, na baada ya miezi michache askari aliye porini hana mshahara. Askari huyo ndiye anayepigana na adui yule yule unayemwogopa wewe. Basi kila ofisa wa Marekani aliyesema tumkatie, mwenzake alimuuliza: na vita je?

Diem alilijua hilo vizuri kuliko wao. Alijua pia kwamba wamejifunga kwa vinywa vyao. Mei 1961 Makamu wa Rais Lyndon Johnson alifika Saigon akamfananisha na Winston Churchill mbele ya umati. Ukishamsifu mtu kiasi hicho hadharani, utamtisha kwa lipi faraghani? Na washauri wa kijeshi waliokuwa chini ya elfu moja mwishoni mwa 1960 walizidi 16,000 kufikia mwisho wa 1963. Wengi walidhani kila anayeongezwa anaongeza sauti ya Marekani. Mimi naona kila aliyeongezwa alizidi kumhakikishia Diem kwamba hawa hawaondoki.

Kilichovuruga mambo si takwimu za vita. Ni bendera. Mei 1963, mjini Hue, bendera za Vatikano zilipeperushwa kusherehekea miaka 25 ya uaskofu wa Thuc. Siku chache baadaye, katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha, waumini wake wakakatazwa kupeperusha za kwao. Watu wakakusanyika kwenye kituo cha redio usiku wa tarehe 8, vikosi vya serikali vikawashambulia, watu wanane au tisa wakafa, wakiwemo watoto. Serikali ikasema ni kazi ya wakomunisti. Balozi akaomba, akasihi: wape watu wale pole, kiri kosa, walipe fidia. Diem akaweka pamba masikioni.

Tarehe 11 Juni, kwenye njia panda ya Saigon yenye magari mengi, mtawa mzee Thich Quang Duc alishuka kwenye gari, akaketi juu ya mto kwa mkao wa sala. Mwenzake akammwagia petroli. Kiberiti alikiwasha mwenyewe. Hakutikisika hadi alipoanguka. Picha aliyoipiga Malcolm Browne ilikuwa mezani kwa Kennedy kesho yake, na mke wa Nhu akasema mbele ya waandishi kwamba watawa hao wamechoma nyama tu. Mwanangu, mimi nimelisoma tamko lile mara nyingi, na bado linanitia uchungu.

Nolting alipoondoka katikati ya Agosti, Diem alimwahidi kwamba hatawagusa tena watawa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 askari wa Nhu wakavamia mahekalu nchi nzima na kukamata watu zaidi ya 1,400. Balozi mpya, Henry Cabot Lodge, alitua siku iliyofuata na kukuta ahadi imeshavunjwa kabla hajafungua mizigo. Tarehe 24 telegramu ikatoka Washington kumwambia: mpe Diem nafasi amwondoe Nhu, na akikataa, wajulishe majenerali kwamba hatutamlinda.

Nhu naye alikuwa na karata yake. Alianza kukutana na mwanadiplomasia wa Poland, Mieczyslaw Maneli, aliyekuwa na njia ya kufika Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, na hakuificha sana habari hiyo. Ujumbe ulikuwa huu: mkinibana, nitaelewana na adui. Kwa Wamarekani waliokuja kupigana na Hanoi, hapakuwa na kitisho kikubwa kuliko hicho.

Oktoba 1963 Kennedy hatimaye alifanya kile ambacho watu walikuwa wakisema hakifanyiki. Alisimamisha mpango wa bidhaa nilioueleza, na akakata fedha za vikosi maalum vya Kanali Le Quang Tung vilivyovamia mahekalu. Lengo lililoandikwa lilikuwa kumsukuma Diem abadilike. Hakubadilika. Waliousoma ujumbe ule ni majenerali, na walichosoma ni kwamba mlango uko wazi. Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ndilo jibu la swali lako. Marekani ilikuwa na uwezo wa kumwangusha Diem. Uwezo wa kumfanya atawale vizuri haikuwa nao, na msukumo ule ule uliokusudiwa kuleta mageuzi ukaleta mapinduzi.

Tarehe 1 Novemba risasi zilirindima. Saa kumi na nusu jioni Diem alimpigia Lodge simu, akamwambia vikosi fulani vimeasi, anataka kujua msimamo wa Marekani. Lodge akajibu kwamba hana habari za kutosha, na kwamba Washington ni alfajiri, serikali haiwezi kuwa na msimamo saa hiyo. Diem akamwambia lazima utakuwa na fikra fulani, mimi ni mkuu wa nchi, nimejaribu kutimiza wajibu wangu. Kesho yake yeye na Nhu walikamatwa kwenye kanisa huko Cholon, wakauawa ndani ya gari la deraya wakiwa wamefungwa mikono.

Jenerali Duong Van Minh aliyeongoza mapinduzi alipinduliwa na Jenerali Nguyen Khanh ndani ya miezi mitatu, na Khanh naye hakufika mbali. Kila serikali ilikuwa dhaifu kuliko iliyopita, na kila udhaifu ulikuwa sababu ya Marekani kuingia zaidi. Machi 1965 wanajeshi wake wa majini walishuka Da Nang. Vita vilikuwa vyake sasa.

Barua ya pili

Mwalimu, hujambo? Nyanya yangu aliishi katika kijiji cha kulazimishwa wakati wa Mau Mau, chenye handaki la miti iliyochongwa na mnara wa askari. Nimesikia Diem alifanya vivyo hivyo. Je, ni Wamarekani waliomlazimisha?

*Msomaji, Nyeri*

Jibu

Sijambo, na umpe nyanya pole yangu kama bado yupo. Vijiji vyenu na vile vya Vietnam vina asili moja. Waingereza walikuwa wamefungia watu vijijini Malaya kabla ya kuitumia njia hiyo kwa zaidi ya watu milioni moja Kenya kuanzia 1954. Mwaka 1961 Mwingereza Robert Thompson, aliyefanya kazi hiyo Malaya, alikwenda Saigon kuongoza timu ndogo ya washauri.

Wamarekani waliupenda mpango na waliulipia, ila hawakuuendesha. Aliyeuendesha ni Nhu. Wao walitaka uende taratibu, kuanzia maeneo yenye usalama. Nhu alitaka idadi. Operesheni ya kwanza, Ben Cat, Machi 1962, familia 70 zilihamia kwa hiari na nyingine 135 zikaswagwa kwa nguvu, nyumba zao za zamani zikachomwa na makaburi ya wazee yakaachwa nyuma, jambo zito mno kwa mkulima wa huko. Serikali ikawa inatangaza mamilioni ya watu wamehamishwa, wakuu wa mikoa wanapeleka hesabu za kumfurahisha Nhu, na hesabu hizo hizo zinatumwa Washington zikiwa na mhuri. Mmoja wa waliousimamia mpango, Kanali Pham Ngoc Thao, alikuwa jasusi wa wakomunisti, na alihimiza kasi kwa sababu alijua kasi itawachukiza wakulima.

Kwa hiyo hawakumlazimisha. Ila waliweka nondo na saruji mikononi mwa mtu ambaye hawakuwa na njia ya kumwambia taratibu. Lawama ya hilo siwavui.

Barua ya tatu

Shikamoo Mwalimu. Baada ya Diem, Marekani ilikuwa na askari zaidi ya nusu milioni kule. Hapo si ingeweza kumwamuru rais wa Saigon chochote?

*Msomaji, Dodoma*

Jibu

Marahaba. Askari walifika 543,000 Aprili 1969, na bado Nguyen Van Thieu aliwasumbua kuliko Diem.

Thieu alipata urais Septemba 1967 kwa asilimia 35 tu ya kura. Aliyeshika nafasi ya pili, Truong Dinh Dzu, alihubiri mazungumzo ya amani, akaishia jela. Mwaka 1971 balozi Ellsworth Bunker alihangaika angalau mgombea mmoja abaki ili uchaguzi uonekane uchaguzi. Jenerali Minh, yule yule aliyempindua Diem, akajitoa, Thieu akagombea peke yake na kupata zaidi ya asilimia 90.

Lakini pigo lake kubwa ni la 1968. Tarehe 31 Oktoba Johnson, ambaye sasa alikuwa Rais, alitangaza kusimamisha mabomu juu ya Kaskazini ili mazungumzo ya Paris yaanze. Siku mbili baadaye Thieu alisimama mbele ya Bunge lake akasema hatakwenda. Uchaguzi wa Marekani ulikuwa tarehe 5 Novemba. Watu wa kampeni ya Richard Nixon, mgombea wa chama cha upinzani, kwa kupitia mwanamama Anna Chennault, walikuwa wamemfikishia ujumbe ashikilie msimamo, watampa mapatano bora zaidi. Johnson alikuwa na taarifa za siri juu ya hilo, akakasirika, na hakuweza kumfanya kitu. Hapo utaona jambo ambalo Diem hakuwa nalo: Thieu alijua kupita mlango wa nyuma wa siasa za Washington. Mkubwa mwenye uchaguzi kila miaka minne ana wapinzani, na mdogo mwenye akili huwatafuta. Wajumbe wake walipofika Paris, wiki nyingi zilipotea kwenye mabishano ya umbo la meza, na vijana waliendelea kufa.

Oktoba 1972, Nixon akiwa ndiye Rais, mshauri wake Henry Kissinger alifika Saigon na mapatano aliyokwisha kukubaliana na Hanoi. Askari wa Kaskazini waliokuwa ndani ya Kusini wangebaki walipo. Thieu alilia kwa hasira, akakataa, akadai mabadiliko 69. Mimi simpendi Thieu, lakini juu ya hilo alikuwa na haki, maana alikuwa anaombwa kutia saini hukumu yake mwenyewe. Marekani ikajaribu kumlainisha kwa silaha, ikamrundikia ndege hadi jeshi lake la anga likahesabiwa la nne kwa ukubwa duniani. Hakulainika. Ndipo Januari 1973 Nixon alimwandikia kwamba ameshaamua, mapatano yatatiwa saini Paris tarehe 27, na ikibidi atasaini peke yake. Thieu akakubali.

Zingatia wakati wenyewe. Miaka yote walipotaka kubaki, kitisho cha kuondoka hakikumtisha mtu. Kilianza kufanya kazi siku walipokuwa wanaondoka kweli, na kilitumika kupata saini tu. Mageuzi, haki ya wapinzani, wafungwa wa kisiasa, vyote viliachwa. Agosti 1973 Bunge la Marekani likapiga marufuku mabomu, na misaada ikapungua. Thieu alijiuzulu tarehe 21 Aprili 1975 kwa hotuba ndefu ya kuilaumu Marekani. Siku tisa baadaye Saigon ikaanguka, na sisi tulisikia kwenye Redio Tanzania, mabweni yote yakashangilia.

Barua ya nne

Mwalimu, hakuna hata jambo moja jema walilomfanya mtawala wa Saigon alifanye?

*Msomaji, Mombasa*

Jibu

Lipo moja kubwa, nalo ni ardhi. Diem alikuwa ameweka kikomo cha hekta 100 kwa mmiliki, kikubwa mno, na katika maeneo mengi wenye mashamba walirudi nyuma ya jeshi wakadai kodi za miaka iliyopita. Mkulima aliona serikali ikija, mwenye shamba anakuja nayo. Baadhi ya washauri wa Marekani walilalamika bila mafanikio. Machi 1970 Thieu akapitisha sheria ya kumpa ardhi anayeilima, kikomo hekta 15, na kiasi cha hekta milioni moja zikagawiwa, hasa katika delta ya Mekong. Marekani ilichangia gharama za kuwafidia wenye mashamba, lakini aliyelisukuma ni Thieu mwenyewe, alipoona kwamba askari wa kigeni wanaondoka na atahitaji wakulima upande wake. Lingefanywa 1956, naamini vita vingekuwa vingine. Baada ya 1975 serikali mpya iliwaingiza wakulima wale wale kwenye mashamba ya pamoja, wakagoma kimyakimya, na hilo nitalieleza toleo lijalo kwa kuwa nina barua mbili zinazoliuliza.